Kubisha

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Littleborough,
mvua haijaamua kama inanyesha.
Maureen Ackroyd, aliyeendesha basi miaka thelathini
kati ya Rochdale na Bury, anatugawia jaketi za kuelea
kama anayekata tiketi:
wewe ndogo, wewe kubwa, wewe funga huo mkanda, mpenzi.

"Afrika Mashariki," anasema, "basi bahari unaijua."
Namwambia Kondoa. Namwambia mto wetu
ni mchanga miezi tisa, mpaka tuuchimbe ndipo utoe maji.
Anacheka. Ananipa kamba.

Kamba hii jina lake demani.
Mpini huu wa usukani, kana.
Niliyakuta kwenye kamusi ya shule, kurasa zenye madoa ya chai,
nikayakariri kwa ajili ya mtihani,
sikuwahi kuyalowanisha.
Leo yamelowa. Yanavimba mdomoni
kama maharage yaliyolala majini.

Somo la kwanza ni kupindua.
Kwetu hiyo ni kazi ya wanajeshi, alfajiri,
redio ikipiga muziki wa bendi.
Hapa ni kazi ya wanawake wawili ndani ya suti za mpira,
mimi na Shagufta wa mapokezi kwa daktari wa meno.
Tunaegemea upande mmoja
hadi mashua namba saba inasema haya, basi,
na kutumwaga.

Baridi yake haisimuliki.
Shagufta, mpanga miadi ya meno ya mji mzima,
hawezi kuyatuliza ya kwake.
"Panda ubao wa tumboni!" Maureen anapaza sauti
kutoka kwenye boti ya injini. "Uzito wako ndio dawa!"
Nani mwingine aliwahi kuniambia hivyo?
Nasimama juu ya ubao, kilo themanini na mbili za Kirangi,
na mlingoti unatoka majini polepole, ukichuruzika,
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.

Halafu, kwenda kule upepo unakotoka.
Haiendeki moja kwa moja, anasema Maureen,
hata basi lina mizunguko yake.
Kushoto kidogo, unainama, foromali inapita
(mara ya kwanza haikupita, ilinijulia hali
kwenye paji la uso),
kulia kidogo.
Lugha yangu inaita kubisha.
Neno lilelile la mlangoni. Lilelile la ubishi.
Nabisha. Upepo: hakuna mtu.
Nabisha upande wa pili.

Februari mama alizikwa saa saba mchana,
pasi yangu ya kusafiria ikiwa Liverpool
ndani ya bahasha ya uhamiaji, inangoja muhuri.
Nilikaa matanga jikoni, peke yangu, siku tatu,
simu imeegemea kopo la sukari,
picha ikikwama kila mtu alipotaka kulia.
Siku ya tatu kaka akasema, tumeanua, dada.
Chaji ikamwishia.
Mimi sikuwa na cha kuanua.

Saa sita Maureen ananyoosha kidole gatini:
teremsheni tanga.
Shagufta anafungua fundo, mimi naanua.
Linashuka kwa pumzi moja, zito, limejaa mvua,
linanifunika mabega, kisha kichwa,
na humo ndani, kwenye mwanga kama wa maziwa yaliyochujuka,
nakaa zaidi ya kazi inavyotaka.
Hakuna anayeniharakisha.
Nasikia bata. Nasikia Shagufta
akikumba maji ya ngamani kwa kopo la rangi,
kopo baada ya kopo, haulizi kitu.

Kisha tunalikunja. Vibaya.
Maureen analikunjua lote.
Haya, anasema, toka mwanzo.